Jasho Lisilokauka: Maandalizi ya Afya kwa Mkazi wa Nduruma Anayekwenda Kutembea Pwani

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61, mkazi wa kata ya Nduruma wilayani Arumeru. Yeye na wastaafu wenzake wamepanga kwenda likizo ya kutembea kwa miguu ufukweni mwezi wa Julai, wakiongozwa na mwongoza watalii. Watapanda basi hadi Tanga, watafika Pangani, watavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, kisha kwa siku nne watafuata pwani kuelekea kusini kupitia Ushongo na Mkwaja hadi Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Watatembea kilomita 12 hadi 15 kila siku. Mwongozaji amewataka wote walete fomu ya afya iliyotiwa sahihi na mhudumu wa afya.

Mwalimu anafika zahanati.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeletea kazi ndogo tu. Muhuri."

Muuguzi anapima shinikizo la damu na kukuta 136 kwa 84. Anauliza kama Mwalimu ataweza mwendo huo. Mwalimu anacheka. Kila Jumapili anatembea hadi barabara kuu na kurudi, na ujana wake wote amelima chini ya jua la uwanda huu. "Kule hakuna hata kilima," anasema. "Ni mchanga na bahari."

Fomu inatiwa sahihi. Kila alichosema Mwalimu ni kweli, na hata hivyo muuguzi hajui bado kama mzee huyu yuko salama. Kuna maswali ambayo hayakuulizwa, na makala haya yanayapitia. Yameandikwa kwa ajili ya wote wawili, anayetia sahihi na anayeiomba.

Jambo la kwanza ni hewa yenyewe. Jiji la Arusha liko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Nduruma iko chini yake kidogo, mahali miteremko ya Meru inapoishia kwenye uwanda. Jua la hapa ni kali, hakuna anayebisha, lakini hewa ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mtu akitoka jasho shambani, jasho hugeuka mvuke na kuondoka na joto la mwili. Hiyo ndiyo kazi ya jasho: halipozi kwa kutiririka, linapoza kwa kukauka. Pwani hewa imekwisha kushiba unyevu wa bahari. Jasho hutoka kwa wingi, hulowanisha shati, hudondoka mchangani, na joto hubaki mwilini. Mtu hupoteza maji na chumvi bila kupata faida aliyozoea kuipata.

Hapa kuna mtego ambao wapangaji wengi wa safari hawauoni. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri kwa matembezi ya pwani: masika yamekwisha, upepo wa kusi unavuma, na joto limepungua likilinganishwa na Januari na Februari. Lakini miezi hiyohiyo ndiyo ya baridi na mawingu kwetu chini ya Meru. Mwalimu anaondoka Nduruma akiwa amevaa sweta tangu mwezi wa Mei. Mwili wake uko mbali na mazoea ya joto kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na safari nzima ya basi ni ya siku moja. Mwenyeji wa Pangani akimwambia kwamba huu ni msimu wa baridi atakuwa anasema kweli, kwa kipimo cha Pangani.

Mwili huweza kujifunza joto. Mtu akijitoa jasho kwa kutembea kila siku kwa saa moja hadi saa moja na nusu, katika muda wa siku 7 hadi 14 mabadiliko makubwa huwa yametokea: majimaji ya damu huongezeka, moyo hupunguza mapigo kwa kazi ileile, jasho huanza mapema zaidi, na chumvi inayopotea ndani yake hupungua. Faida hizo hufifia ndani ya wiki chache mtu akirudi kwenye baridi, kwa hiyo mazoezi ya mwezi wa Machi hayasaidii safari ya Julai. Anayejiandaa atembee saa nane mchana badala ya alfajiri, katika wiki mbili za mwisho kabla ya kuondoka. Mwenye afya njema anaweza hata kuvaa koti jepesi ili atoke jasho siku za mawingu. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, figo au shinikizo la damu sishauri ujanja wa koti. Kwake ni bora kufika pwani siku mbili au tatu kabla ya wenzake kuanza, akae, atembee kidogo asubuhi na jioni, na siku ya kwanza ya msafara apewe nusu ya mwendo. Mwongozaji anayekataa mpango huo anafaa kuulizwa sababu.

Sasa tufungue mfuko wa dawa wa Mwalimu, maana hapo ndipo hatari yake kubwa ilipo.

Kwa shinikizo la damu anatumia losatani pamoja na hidroklorothayazaidi, ambayo ni dawa ya kuongeza mkojo. Kwa goti la kulia ananunua diklofenaki dukani, anameza linapouma. Safarini atameza promethazini ili asitapike kwenye basi, na huenda akaendelea nayo siku mbili tatu kwa sababu inamsaidia kulala. Kila moja ya dawa hizi ina kazi yake halali, na hakuna iliyomletea shida akiwa nyumbani. Zikikutana na pwani, hesabu inabadilika.

Dawa ya kuongeza mkojo hutoa maji na chumvi mwilini wakati ambapo jasho nalo linavitoa. Losatani, kama ilivyo enalaprili na ndugu zake, huzuia njia ambayo figo huitumia kulinda mchujo wake damu inapopungua. Diklofenaki na ibuprofeni hubana mishipa inayoingiza damu kwenye figo. Mtu aliyepungukiwa maji huku akitumia zote tatu ameziba milango yote ambayo figo zake zingekimbilia, na figo zinaweza kushindwa kazi katika siku chache. Promethazini kwa upande wake hupunguza jasho lenyewe na kumfanya mtu asinzie, hivyo dalili za joto huonekana kama uchovu wa kawaida. Klorofeniramini na amitriptilini zina tabia inayokaribiana na hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza la mhudumu kwa mwenye fomu liwe: "Nionyeshe dawa zako zote, pamoja na zile unazonunua mwenyewe." Neno la muhimu ni "nionyeshe". Wagonjwa wengi hawahesabu dawa ya maumivu kuwa dawa. Diklofenaki iachwe nyumbani, na kwa goti itumike parasetamoli kwa kipimo chake. Dawa za shinikizo zisiachwe kiholela, kwa sababu kiharusi kinachotokana na shinikizo lililopanda hakijali kama mgonjwa yuko likizo. Kinachotakiwa ni kumwona daktari angalau wiki mbili kabla, ili kama kipimo kinahitaji kubadilishwa kibadilishwe nyumbani, shinikizo lipimwe tena, na kizunguzungu cha kusimama ghafla kichunguzwe. Mgonjwa aondoke na maelekezo yaliyoandikwa ya siku ya kuumwa: akiharisha au kutapika, ni dawa zipi asimamishe, na azirudie lini. Kwa kawaida zinazosimamishwa ni dawa ya kuongeza mkojo, losatani au enalaprili, na metifomini kwa mwenye kisukari, hadi mtu awe amekula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Maelekezo hayo yatoke kwa daktari anayemjua, yasitoke kwa rafiki wa safarini.

Goti nalo halistahili kupitwa harakaharaka. Katika sehemu za Arumeru kama Maji ya Chai na Ngare Nanyuki, maji ya kunywa yamekuwa na floraidi nyingi mno kwa vizazi, juu ya miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linaziona kuwa ukomo. Kila mtu hapa anajua meno ya kahawia. Wachache hukumbuka kwamba floraidi hukaa pia kwenye mifupa na viungo, na kwamba aliyekulia maji hayo anaweza kuwa na matege au uti wa mgongo uliokakamaa. Mchanga laini na ufukwe wenye mteremko, ambapo mguu mmoja hukanyaga chini kuliko mwingine kwa saa nzima, huviadhibu viungo vya namna hiyo zaidi ya barabara ya kupanda. Mhudumu amwombe mtu atembee mbele yake, achuchumae, ainuke. Dakika mbili zinatosha.

Kuhusu maji ya kunywa, ushauri wa "kunywa maji mengi" unahitaji kupunguzwa makali. Anayetembea kwenye joto anaweza kupoteza nusu lita hadi lita nzima ya jasho kwa saa, na wazee huhisi kiu kwa kuchelewa. Wanywe kidogo kidogo njiani bila kusubiri koo kukauka. Lakini anayejilazimisha kunywa maji matupu kuliko anavyotoka jasho hushusha chumvi ya damu, naye huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa, yaani dalili zinazofanana na za aliyekosa maji. Kipimo rahisi ni mizani wakati wa mazoezi ya nyumbani: jipime kabla na baada ya matembezi ya saa moja. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji. Uzito ukiongezeka, umekunywa kupita kiasi. Chumvi irudi kwa chakula, na anayeharisha atumie ORS. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji salama ichanganywe na nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vya kusawazisha. Baadhi ya visima vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na hayo si badala ya ORS.

Mwenye kisukari ana maswali yake. Mwendo wa saa tano hushusha sukari, na joto huharakisha insulini kuingia katika damu. Anayetumia glibenklamaidi anaweza kushuka sukari usiku, saa nyingi baada ya kuvua viatu. Tatizo la pwani ni kwamba jasho na kuregea, ambazo ndizo dalili tulizowafundisha wagonjwa kuziangalia, huwapata watembeaji wote. Mgonjwa apime mara nyingi zaidi, abebe sukari au glukosi mfukoni badala ya kwenye mzigo unaopelekwa mbele kwa gari, na mwenzake mmoja ajue la kufanya. Insulini haitakiwi kuachwa juani wala ndani ya gari lililofungwa, na isigande. Hata hivyo hofu ya kukosa friji imepungua: utafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka, uliochapishwa mwaka 2021 na kufanywa kwa kufuata joto la kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ulionyesha kwamba aina za insulini zilizopimwa zilibaki na nguvu kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Chupa iliyofungwa ndani ya kitambaa chenye unyevu, kivulini, inatosha kwa safari ya siku nne.

Miguu ya mwenye kisukari ni habari nzito zaidi. Aliyepoteza hisia za nyayo hatajua kwamba mchanga wa saa saba unamchoma. Asitembee peku hata hatua ishirini za kwenda majini, na jioni akague nyayo kwa mwanga, au mwenzake amkagulie. Wengine wote wavae viatu vilivyokwisha kuzoea mguu kwa mwezi mmoja angalau. (Kiatu cha mtumba kutoka Kilombero kimelainika kweli, ila kimelainikia mguu wa mtu mwingine.) Soksi zikunguliwe mchanga kila mapumziko, na penye maji ya kuvuka watu wavuke na viatu, kwa sababu matumbawe hukata kama chupa. Chanjo ya pepopunda ihakikiwe kabla.

Wenye selimundu wasiende bila ushauri wa daktari wao, maana kupungukiwa maji huamsha maumivu makali. Mwenye ualbino avae mikono mirefu na kofia pana, apake krimu ya kuzuia jua kila baada ya saa mbili, na akumbuke kwamba mchanga mweupe na maji hurudisha mwanga kutoka chini. Krimu ya Kilisun ilianza kutengenezwa hapo Moshi, KCMC, kwa ajili yao.

Bahari yenyewe ina ratiba. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia mita tatu na zaidi, na ufukwe uliopita asubuhi unaweza usiwepo alasiri. Mwongozaji ndiye anayeamua saa ya kuvuka vijito na kupita penye mikoko, na mtembeaji mwenye haraka hana haki ya kubishana naye. Ndani ya hifadhi haendi mtu bila askari wa wanyamapori. Anayechomwa na taa, au na samaki anayefanana na jiwe, atumbukize mguu katika maji ya moto yanayovumilika bila kuunguza, yapata nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hilo huvunja nguvu ya sumu na maumivu hupungua. Kisha apelekwe kituo cha afya.

Na kama pamoja na tahadhari zote mtu ataanza kupepesuka, kuongea ovyo au kuzimia kwenye joto, hicho ni kiharusi cha joto hadi kithibitike kingine, hata kama bado anatoka jasho. Apozwe kwanza, asafirishwe baadaye. Avuliwe nguo, alazwe kivulini, amwagiwe maji bila kukoma huku akipepewa. Barafu ya wauza samaki iwekwe kwapani, shingoni na kinenani. Asiingizwe baharini akiwa hajitambui, kwani atazama. Parasetamoli haisaidii hapa. Kama ana kisukari na anaweza kumeza, apewe sukari wakati huohuo. Mwongozaji aulizwe kabla ya siku ya kwanza: gari au boti ya dharura itatoka wapi, simu hushika wapi, na tutafika vipi hospitali ya Pangani au ya rufaa ya Bombo, Tanga? Mtembeaji aulize pia kama kadi yake ya bima inatumika nje ya Mkoa wa Arusha.

Limebaki jambo moja, nalo humhusu mhudumu wa Nduruma kuliko mwongozaji yeyote. Katika utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017, maambukizi kwa watoto wa Mkoa wa Arusha yalikuwa chini ya asilimia moja. Pwani hali ni tofauti. Mtu aliyeishi miaka mingi chini ya Meru ana kinga ndogo au hana kabisa, awe amezaliwa Tanzania au Ulaya. Alale ndani ya chandarua chenye viuatilifu kila usiku, hata kama kuna upepo, ajifunike miguu jioni na kupaka dawa ya kufukuza mbu. Azungumze na daktari kuhusu dawa ya kinga. Doksisaiklini huanza siku moja au mbili kabla na kuendelea wiki nne baada ya kutoka, nayo humfanya mtu aungue jua kwa urahisi na haifai kwa mjamzito. Meflokwini ni ya mara moja kwa wiki, lakini haifai kwa mwenye kifafa au historia ya maradhi ya akili.

Sasa tuhesabu siku. Tangu mbu kuuma hadi homa kuanza hupita angalau siku saba, mara nyingi kumi hadi kumi na nne. Matembezi ni ya siku nne. Mwalimu akiumwa na mbu Ushongo usiku wa kwanza, homa haitamkuta Ushongo wala Saadani. Itamkuta nyumbani, akiwa ameshasimulia safari kwa majirani, katika mkoa ambao malaria imekuwa adimu kiasi kwamba wengine huanza kufikiria homa ya matumbo au mkojo mchafu. Atakuja zahanati ileile, huenda kwa muuguzi yuleyule.

Kwa hiyo pembeni ya sahihi, muuguzi aandike katika daftari la mgonjwa tarehe ya kwenda na ya kurudi. Na kwa kila mwenye homa, kabla ya dawa yoyote, aulize: "Mwezi huu umelala wapi?" Jibu likiwa Pangani, kipimo cha haraka kifanywe siku hiyohiyo. Kikitoka hasi na homa ikaendelea, kirudiwe kesho yake na keshokutwa. Kikitoka chanya, dawa ya mseto ianze palepale, na mwenye dalili za hatari apewe rufaa bila kusubiri jioni.